Jino Linakwenda Wapi

Gwalugano alikuwa na mazoea ya kumtazama mtu mdomoni kabla ya kumtazama usoni. Kwa zaidi ya miaka ishirini alikuwa tabibu wa meno pekee mjini Tunduma. Alianzia kwenye kituo cha afya cha Serikali, na tiba binafsi iliporuhusiwa tena akahamia katika chumba chake mwenyewe nyuma ya maduka ya vipuri. Kwa muda wote huo alikuwa akiacha mapengo katika vinywa vya watu. Alipopita sokoni, wafanyabiashara walimsalimia kwa mapengo aliyoyatengeneza yeye, naye aliyatambua kama mwashi anavyotambua nyumba alizojenga.

Ndiyo maana mwaka 2007, Nuria Salum alipoingia chumbani mwake na kumwamkia, Gwalugano alitupa jicho kwanza upande wa kulia wa taya la chini. Pengo halikuwepo.

"Hunikumbuki, Daktari," binti alisema. "Mimi wa Mzee Salum wa malori. Ulining'oa gego nikiwa darasa la tatu."

Alimkumbuka. Alikumbuka hata jinsi baba yake alivyomshika kichwa, na jinsi mtoto alivyokataa kulia mpaka walipofika nje. Sasa mahali pale palikuwa na jino jeupe, lenye umbo la kawaida, lililokaa kati ya wenzake kana kwamba halikuwahi kukosekana. Nuria aliona anapotazama, akafungua kinywa zaidi ili aone vizuri, kwa adabu ya mtu anayemwonyesha mgeni nyumba. Alieleza kwamba lilitengenezwa Dar es Salaam alikokuwa akisomea udaktari wa meno, na kwamba limeshikizwa kwenye meno yaliyo kando yake. Kisha akasema jambo ambalo Gwalugano hakumsamehe.

"Lingezibika, lile la kwanza. Lakini enzi zile nani alikuwa anaziba?"

Aliyasema hayo bila ubaya wowote, na hilo lilimnyima Gwalugano hata nafasi ya kukasirika. Nuria alikuwa amekuja kumwarifu kwamba anafungua kliniki kwenye barabara ya kwenda Chapwa, kwa kuwa hakuona vema habari hizo zimfikie kupitia watu wengine. Alikuwa amemletea mke wa tabibu kitenge. Ikupa, mke huyo, ambaye ndiye aliyekuwa akichemsha vifaa vya mumewe kwenye jiko la mafuta ya taa, alikipokea, akakikunjua chote mbele ya dirisha, akakisifu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Haki lazima itendeke kwa Gwalugano. Chuoni alifundishwa kuziba meno, na aliziba vizuri; mkufunzi wake aliwahi kuwaita wenzake waje waone. Lakini kituo alichopangiwa katikati ya miaka ya themanini kilikuwa na makoleo, na baadhi ya miezi kilikuwa na ganzi. Dawa ya kuzibia ililetwa mara moja, ikaganda ndani ya kopo kabla ya mashine ya kutobolea kufika, na mashine yenyewe haikufika kamwe. Kwa hiyo aling'oa. Mwanzoni aling'oa kwa kukosa njia nyingine. Miaka ilivyopita, ukosefu wa vifaa uligeuka kuwa msimamo, na msimamo huo akautetea kwa bidii ambayo watu huitumia kutetea mambo wasiyoyachagua. Alisema jino lililooza halina shukrani. Alisema ukiliziba leo litakuamsha mwakani. Wagonjwa hawakumpinga. Walifika kutoka Nanyala na Igamba mashavu yakiwa yamevimba, wakiwa wamekwisha kujaribu chumvi, karafuu, tumbaku, na wengine maji ya betri ya gari, na hakuna hata mmoja aliyekuja kuomba jino lake lihifadhiwe. Walitaka liondoke. Naye alikuwa mwepesi. Yahaya, muuza vitenge kutoka Kondoa aliyekuwa mteja wake wa muda mrefu, alizoea kusema kwamba mkono wa Gwalugano ni kama mwizi wa mjini, unagundua umeibiwa wakati yeye amekwisha kupotea.

Kulikuwa na jambo moja zaidi lililowafanya watu wamwamini. Jino likitoka, Gwalugano alilisuuza, akaliviringisha kwenye pamba, akalifunga ndani ya kipande cha gazeti na kulitia katika kiganja cha mwenyewe. Mgonjwa alikwenda nalo nyumbani. Wengine walilifukia chini ya mgomba, wengine walilitumbukiza chooni, na kila mmoja alifanya hivyo peke yake, kwa sababu sehemu ya mwili wako ikiangukia mikononi mwa mtu mwingine hujui ataitumia vipi. Gwalugano mwenyewe hakuamini mambo hayo. Alikuwa wa lile kundi kubwa la wasomi wasioamini jambo fulani lakini wasiotaka kuwa wa kwanza kulijaribu. Isitoshe, utaratibu huo ulimwondolea kazi ya kutafuta mahali pa kutupa meno.

Kliniki ya Nuria ilipofunguliwa, Gwalugano alianza kurudi nyumbani kwa barabara ya Chapwa, ingawa nyumba yake ilikuwa upande mwingine wa mji. Hakusimama. Alitembea polepole tu, na mlango ukiwa wazi aliona. Aliona kiti kinacholala na kuinuka kwa kukanyagwa, wakati chake alikinunua kwa kinyozi aliyehama. Aliona taa yenye mkono inayofuata kinywa popote kiendapo. Yeye alitegemea dirisha, na siku za mawingu alimgeuza mgonjwa. Aliona bomba dogo linalofyonza mate. Hili lilimkera kuliko taa, na hakujua sababu, mpaka alipokumbuka kwamba kwa miaka ishirini alikuwa akiwaambia watu wateme kwenye beseni na kwamba aliwahi kuiona amri hiyo kuwa ya kitaalamu. Aliona vikombe vya plastiki vya kusukutulia vinavyotumika mara moja na kutupwa. Alivionea wivu hata vikombe.

Nyumbani alimweleza Ikupa kwamba yule binti amejaza mashine kwa sababu hana mkono. Ikupa alimwuliza amejuaje. Akasema amesikia.

Ukweli ni kwamba kliniki haikuwa ikiendeshwa kama Nuria alivyokusudia. Alikuwa amerudi na mawazo ya chuoni: meno yazibwe mapema, mizizi isafishwe, watoto waletwe kabla hawajaumwa. Kwenye ukuta alikuwa amebandika picha ya jino lililopasuliwa katikati ili watu waone mshipa ulio ndani. Watu waliitazama, wakatikisa vichwa kwa heshima, kisha wakalala kitini na kumwelekeza ni lipi la kung'oa. Aliwaeleza, walimsikiliza, waling'olewa. Tofauti pekee waliyoithamini ni kwamba kwake hawakusikia maumivu. Kwa hiyo Gwalugano alikuwa akipoteza wateja kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi ile ile yake, tena akiifanya kwa kusikitika.

Siku Yahaya alipokuja, hakuja kama mgonjwa. Aliketi kwenye benchi, akavua kofia, akaiweka gotini. Ikupa alikuwa pembeni akikausha makoleo.

"Dokta, usininunie," alisema. "Nimetoa gego kwa binti wa Salum. Mama Ikram ndiye aliyenishika mkono mpaka mlangoni, ningemkatalia ningelala nje. Nakwambia yule mtoto alinipaka kitu kwenye fizi kwanza, hata sindano sikuisikia. Nimelala pale kama bwana harusi."

"Na jino?" Gwalugano aliuliza.

"Limetoka."

"Najua limetoka. Liko wapi?"

Yahaya alipeleka mkono kwenye mfuko wa shati, bila kufikiri, kisha kwenye mfuko wa suruali. Mkono ulibaki humo.

"Hakunipa," alisema.

"Haya," Gwalugano alisema, akageukia dirisha. "Mimi nimeuliza tu."

Hakusema zaidi ya hapo, wala hakuwa na haja. Baadaye alijivunia sana kwamba hakutamka uongo hata mmoja. Alikuwa ameuliza swali, na kuuliza si dhambi katika dini yoyote inayofuatwa Tunduma. Kwa kiasi fulani alikuwa na haki ya kujivunia. Uongo wote ulitungwa na watu wengine, kwa hiari yao.

Mji wa mpakani hauhitaji kushawishiwa kwamba kitu fulani kinavushwa. Sukari inavushwa, petroli inavushwa, mahindi yanavushwa yakienda na msimu mwingine yakirudi, na kila mkazi anamfahamu mtu aliyetajirika kwa kitu ambacho upande huu kilionekana takataka. Swali la jino la Yahaya lilipata jibu kabla ya Ijumaa. Meno yalikuwa yakienda ng'ambo, Nakonde, na kutoka Nakonde yakienda mbali zaidi, kwa watu wenye migodi, waliohitaji dawa ya kuvuta madini. Magego yalipendwa kuliko meno ya mbele kwa sababu ya mizizi. Ilisemekana Mzee Salum hakuwa na malori kwa ajili ya saruji peke yake.

Nuria alipopata habari alifanya kosa la watu waliosoma vizuri: alisema ukweli. Aliwaambia waliomwuliza kwamba meno hukusanywa kwenye ndoo maalumu pamoja na pamba zenye damu, na kwamba yote hupelekwa kuteketezwa kwenye tanuri la hospitali, kwa mujibu wa kanuni za afya. Watu waliondoka wakiwa wameogopa maradufu. Kuuza jino la mtu walau ni biashara, na biashara wanaielewa. Kulichoma moto kulihitaji sababu ambayo hakuna aliyetaka kuifikiria.

Benchi la Gwalugano likajaa. Walirudi wote, na Yahaya akiwa wa kwanza kuwaleta, na kwa majuma kadhaa tabibu alifanya kazi akiwa na furaha ambayo Ikupa hakuwahi kuiona tangu Tuntufye, mtoto wao wa kwanza, alipozaliwa. Aliacha kutumia gazeti. Alinunua karatasi nyeupe, akawa anafunga kila jino mbele ya macho ya mwenyewe, polepole, kwa mikunjo minne, na kulikabidhi kwa mikono miwili. Jioni alipita barabara ya Chapwa, akauona mlango wa kliniki ukiwa wazi na kiti kikiwa kitupu chini ya taa yake, na alilala vizuri.

Kisha Anastazia alirudi. Alikuwa mkulima wa kahawa kutoka Igamba, mtu mzima, mwenye heshima kanisani, na Gwalugano alikuwa amemng'oa gego juma lililotangulia. Aliifungua karatasi nyeupe juu ya meza mbele ya watu wote waliokuwa wakisubiri.

"Daktari, samahani," alisema. "Hili si langu."

Gwalugano alimhakikishia kwamba ni lake. Lilitoka kinywani mwake na kuingia kiganjani mwake. Anastazia alijibu kwa upole kwamba jino lake analijua. Amelilamba kwa ulimi tangu ujana, lilikuwa dogo, la duara. Hili lina miguu mirefu iliyopinda kama ya kuku, na ni refu kama pingili ya kidole. Gwalugano alieleza kwamba hiyo ndiyo mizizi, kwamba sehemu kubwa ya jino hukaa ndani ya mfupa. Alichukua kipande cha karatasi na kumchorea. Alipokuwa akichora, alitambua kwamba anachora ile picha iliyo kwenye ukuta wa Nuria.

Maelezo yake yalikuwa sahihi na hayakumsaidia. Hakuna mtu anayelijua jino lake. Anaijua sehemu yake ya juu tu, ile iliyo nje ya fizi. Kila aliyekuwa na karatasi nyeupe nyumbani aliifungua, au aliifukua, akakuta ndani yake kitu cha ajabu ambacho asingeweza kuapa kwamba kiliwahi kuwa mdomoni mwake. Wengine walikumbuka miaka ya nyuma, kituo cha afya, gazeti lililofungwa upesi kwa mikono ambayo wao wenyewe walikuwa wakiisifu kwa wepesi. Yahaya, aliyekuwa mwepesi wa kila kitu, alisema hadharani kwamba mkono unaokuibia usijue unaweza pia kukubadilishia usijue.

Hakuna aliyemlaumu Gwalugano usoni. Walimsalimia kama kawaida. Walifikia tu uamuzi ambao, ukiupima kwa akili yao, haukuwa na kasoro: jino pekee ambalo mtu ana hakika nalo ni lile lililo mdomoni. Halitolewi. Halitolewi na binti wa Salum, halitolewi na Gwalugano. Na kwa kuwa maumivu hayakujali uamuzi huo, walikwenda Chapwa, wakalala kwenye kiti kinachoinuka, wakasema jambo ambalo Nuria alikuwa amelisubiri tangu afungue mlango. Waliomba wazibiwe.

Kabla ya mwaka kwisha Nuria aliongeza kiti cha pili. Alikuja kumsalimia Gwalugano, na kwa kuwa benchi lilikuwa tupu aliketi juu yake. Alikuwa amechoka, na uchovu wake ulikuwa wa mtu ambaye kazi imemkubali.

Alimweleza kwamba alikuwa amehubiri tangu siku ya kwanza bila kupata hata muumini mmoja, na ghafla watu hawataki kung'olewa hata meno yaliyokwisha kufa, inabidi awabembeleze. Hakujua kilichotokea. Alikuwa amesikia kwamba yote yalianza kwa mtu mmoja aliyeuliza swali, lakini hakuna aliyekumbuka ni nani. Angemjua, alisema, angemshukuru. Gwalugano alimtazama kwa makini kuona kama anamdhihaki. Hakuwa anamdhihaki, na kwa hilo alimchukia zaidi.

"Njoo tufanye kazi pamoja, Daktari," Nuria alisema. "Kile kiti cha pili hakina mtu. Wewe ulisomea kuziba, na mkono hausahau. Tunakoelekea, mtoto anayezaliwa leo atazeeka na meno yake yote. Kazi ya koleo itabaki ndogo sana."

Gwalugano alijibu kwamba amezoea dirisha lake. Alimsindikiza mpaka nje, akamtakia kheri, na aliporudi ndani alikuta Ikupa amesimama, kiganja kikiwa shavuni.

Lilikuwa gego la chini, kushoto. Alikuwa ameumwa kwa siku kadhaa na kunyamaza. Gwalugano alimkalisha kitini, akamgeuza kwenye mwanga, na mara moja aliona kwamba tundu halijafika kwenye mshipa. Jino lile lingezibika. Aliliona hilo kwa uwazi kama alivyoliona chuoni, na kwa mkono ule ule uliokuwa umeshika kioo alielekeza jikoni, akamwambia aweke maji, wachemshe koleo.

Ikupa aliinuka, akalizima jiko lililokuwa likiwaka.

"Langu haling'olewi, Baba Tuntufye."

"Ni dakika moja. Nitakupa mkononi."

"Na Anastazia ulimpa mkononi."

"Lilikuwa lake."

"Huenda. Lakini wewe ndiye uliyemwuliza Yahaya. Nilikuwa pale. Kama meno hayaendi popote, uliuliza ya nini?"

Kulikuwa na jibu moja tu, na lilikuwa fupi. Angemwambia kwamba meno hayaendi popote, kwamba binti wa Salum huyachoma kama kanuni zinavyotaka, kwamba swali lile lilikuwa tupu na aliliuliza kwa sababu hakuweza kuvumilia kuona kiti kikipanda na kushuka. Mkewe angemwelewa. Baada ya hapo huenda angekaa kitini na kufungua kinywa, maana alikuwa ameishi naye muda mrefu na hakuwa mwoga. Gwalugano aliutafuta mwanzo wa sentensi hiyo. Alipanga na kupangua makoleo juu ya kitambaa.

"Yalikuwa maneno tu," alisema mwishowe.

"Maneno ya nani?"

Gwalugano aliyakunja makoleo ndani ya kitambaa. Ikupa aliingia chumba cha ndani, akatoka amejifunga kitenge cha Nuria, akaenda zake kwa miguu kuelekea Chapwa.

Alirejea alasiri, midomo ikiwa imelegea upande mmoja kwa ganzi. Gwalugano alikuwa bado ameketi kwenye kiti cha wagonjwa. Aliinuka, akamwachia nafasi, akamwomba aone. Ikupa alifungua kinywa. Akiwa na kioo kidogo mkono wa kushoto, na mkono wa kulia kile chuma chembamba chenye ncha iliyopinda ambacho tabibu hukitumia kupapasia matundu, alilikuta jino. Rangi ya dawa ilifanana na ya jino lenyewe kiasi kwamba ilimbidi amgeuze kichwa ili mwanga uingie kwa pembeni. Aliweka ncha juu ya jino, akaivuta polepole kuelekea dawa, akitafuta ule mpaka ambapo chuma hukwama ikiwa mzibaji alifanya haraka. Mkono wake ulitulia kabisa. Haukuwa umesahau.

Ncha ilipita bila kukwama. Aliivuta kutoka upande wa pili, ikapita. Akazunguka.

"Unatafuta nini humo?" Ikupa aliuliza, maneno yakitoka kwa shida kwenye midomo iliyokufa ganzi.

Gwalugano alimwambia asifunge kinywa, akaanza upya.